Niliwaita Wavivu Watu Waliotoka Shamba

Niliwapangia vijana wa Kisesa ratiba ya mazoezi ya siku sita kwa wiki, na ilipowashinda nikawaambia tatizo ni wao. Kupanga vibaya ni ujinga, na ujinga hutibika. Kuwalaumu ni jambo jingine, na ndilo linalonisukuma kuandika haya. Baadhi yao walikuwa wakija kwenye vyuma wametoka bondeni kupandikiza mpunga tangu alfajiri. Mimi nilikuwa karani, natoka ofisini mjini saa tisa na nusu alasiri nikiwa sijainua kitu kizito kuliko faili. Na mimi ndiye niliyewaita wavivu.

Kisesa iko wilayani Magu, kwenye barabara kuu ya Mwanza kwenda Musoma, ukishapita Igoma. Jiji limesogea mpaka limeifikia, lakini halijaimeza. Nyumba za bati jipya zimeota kati ya mashamba, na barabara inayokatiza kwenda Usagara imeleta malori, maduka ya vifaa vya ujenzi na vijiwe vya bodaboda. Uchochoro mmoja unaweza kukaliwa na mwalimu wa shule ya msingi, fundi wa kuchomelea, kijana anayeshinda kwenye pikipiki, na familia yenye majaruba ya mpunga na ng'ombe wachache. Wanasalimiana kila asubuhi, lakini wiki zao hazifanani hata kidogo. Jambo hilo nilikuwa nalitazama kila siku, na sikuwahi kulitia akilini.

Nyuma ya nyumba niliyopanga nilikuwa na vyuma. Fundi wa jirani alinichomelea bomba nene, tukatumia gia chakavu za magari badala ya sahani za dukani, na makopo ya rangi tukayajaza zege. Benchi ilikuwa ya mbao. Nilianza peke yangu, kisha wakaja majirani wawili watatu, na baada ya muda uwanja ukawa na vijana wa kutosha wanaopiga tizi kila jioni. Wakaanza kuniita kocha. Sikuwa na cheti chochote cha ukocha, ila jina lile lilinikaa vizuri mno masikioni, na sikuwakatalia.

Nilichokuwa nacho ni mwili. Ratiba ya siku sita niliitoa kwenye simu, nikaifuata kwa uaminifu, na ikanijenga. Jumatatu ni kusukuma: kifua, mabega na misuli ya nyuma ya mkono. Jumanne ni kuvuta: mgongo na misuli ya mbele ya mkono. Jumatano ni miguu. Alhamisi mzunguko unaanza upya mpaka Jumamosi, na Jumapili unapumzika. Nikaichora kwa rula kwenye karatasi ya manila, nikaibandika ukutani chini ya paa la bati. Chini yake niliandika kwa wino mwekundu: Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Mtu alipouliza kama ratiba ile inafaa, nilivuta mkono wa fulana nikamwonyesha bega. Huo ndio uliokuwa ushahidi wangu wote. Sikumwambia kwamba bega lile lilikuwa na mshahara nyuma yake. Nilikuwa na uwezo wa kununua trei ya mayai bila kumuuliza mtu, nilikunywa maziwa asubuhi na usiku, nililala kwa saa nane kwenye chumba chenye neti na feni, na kazi yangu ya mchana haikudai chochote kutoka mgongoni. Ratiba ilinifaa kwa sababu maisha yangu yalikuwa yameshaiandalia nafasi. Nilikuwa nawavalisha wenzangu shati lililokatwa kwa kipimo changu, kisha nawashangaa linapowabana.

Nitaje lilivyowabana.

Walikuwapo vijana Wasabato, na huku kando ya Ziwa Victoria Wasabato si wachache. Kwao Sabato inaanza Ijumaa jua linapozama na kwisha Jumamosi jua linapozama. Kwenye ratiba yangu, jioni ya Ijumaa ilikuwa ya kuvuta na Jumamosi ya miguu. Kwa hiyo kila wiki walisukuma mara mbili, wakavuta mara moja, wakafanya miguu mara moja. Ukiendelea hivyo kwa miezi, kifua kinatangulia, mgongo unabaki nyuma, na mabega yanaanza kuinamia mbele. Niliona yakiinama. Nikawaambia wasimame wima.

Walikuwapo waliokuwa wakienda kwa vipindi kwenye kambi za uvuvi upande wa Kayenze. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku wa giza, kwa taa zinazowavuta juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali, taa hazina nguvu na wavuvi hupumzika siku kadhaa. Kijana wa namna hiyo anafuata mwezi wa angani, na Jumatatu kwake ni jina tu. Akiwa kambini anavuta nyavu usiku na kulala mchana. Akirudi anakuwa na siku tele na mwili unaotaka kazi. Mimi nilimtaka awe mtu wa kusukuma kila Jumatatu, na alipopotea wiki mbili nikamwambia mbele ya wenzake kwamba hana msimamo.

Walikuwapo wacheza ngoma. Kisesa ndiko ilipo Bujora, yenye makumbusho ya Wasukuma yaliyoanzishwa na Padri David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers. Kila mwaka karibu na mwezi wa Juni, sikukuu ya Ekaristi ikifika, ndipo tamasha la ngoma la Bulabo hufanyika, na vikundi vya Bagika na Bagalu hushindana kuvuta watu. Bugobogobo, ngoma ya majembe, imetoka shambani moja kwa moja: watu walilima kwa mpigo wa ngoma, na jembe likirushwa hewani linadakwa bila kupoteza mpigo. Wiki za kujiandaa na mashindano, mchezaji anachuchumaa, anaruka na kuzungusha jembe jua likiwa kali, tena kwa muda mrefu kuliko kipindi chochote nilichowahi kukisimamia. Mmoja wao aliniomba apunguziwe siku ya miguu mpaka Bulabo ipite. Nilimjibu kwamba ngoma si mazoezi. Nimezaliwa na kukulia Usukumani, na neno hilo lilitoka kinywani mwangu.

Na walikuwapo wakulima, ambao ndio wengi. Mvua zikishika, kuanzia mwishoni mwa mwaka, hakuna kijana wa familia yenye jaruba anayebaki nyumbani. Kupiga jembe kwenye tope, kuinama kupandikiza miche, kupalilia pamba na mahindi, kuswaga ng'ombe kwenda majini, na usiku zamu ya sungusungu ikimwangukia. Mgongo wa chini, viganja na nyuma ya mapaja vinafanya kazi saa sita au saba kabla hajafika kwenye bomba langu. Anafika, anakuta ukutani ameandikiwa kwamba sharti ainame.

Kijana mmoja aliumia. Ilikuwa jioni ya kuvuta, msimu wa kupandikiza. Alikuwa ameshinda bondeni, nami nikamwekea chuma kile kile alichokiinua wiki iliyotangulia pamoja na gia moja ya ziada, kwa sababu ratiba ilisema uzito upande. Aliinua mara mbili. Ya tatu aliiachia, akashika kiuno, akakaa chini taratibu kama anayetafuta kitu kilichoanguka. Nikamwambia ajinyooshe, itapita. Haikupita upesi. Alilala chali muda mrefu, na sehemu ya jaruba la kwao ikapandikizwa na vibarua wa kulipwa, kwa fedha ambayo familia haikuwa imeipanga.

Mama yake alinijia. Nilimwamkia, "Mwangaluka, mayu," akaitikia, akakataa kiti. Hakunigombeza. Alisema: "Mwalimu, mtoto wangu alikuwa ana nguvu kabla hujampa nguvu. Ulipompa, akawa anamaliza mboga ya nyumba nzima. Sasa jembe hashiki, na hata mboga hali." Kisha akaniuliza swali ambalo hakuna mtu aliyewahi kuniuliza: "Wewe ulipompangia, ulimuuliza kwanza anafanya kazi gani?"

Sikuwa nimemuuliza. Nilijua anafanya kazi gani, kwa kuwa ni jirani. Ila nilipoichora ratiba, maarifa hayo sikuyahitaji.

Hata baada ya siku ile sikukiri. Huu ndio upande mchungu zaidi wa maungamo haya. Niliwaambia waliobaki kwamba yule alikosea namna ya kuinua, mgongo wake haukuwa umenyooka. Ilikuwa kweli, mgongo haukunyooka. Mgongo uliochoka haunyooki. Nilitumia ukweli mdogo kuufunika mkubwa, na kwa wiki kadhaa karatasi ya manila ilibaki ukutani.

Kilichonigeuza kilianza kwa ukaidi. Nilitaka kuthibitisha kwamba ratiba yangu ni sahihi, nikaanza kusoma ilikotoka. Nikakuta kwamba siku sita za vyuma zilitangazwa sana na majarida ya kujenga mwili ya Marekani, yale ya Joe Weider, na nyota wao mkubwa alikuwa Arnold Schwarzenegger, aliyetwaa taji la Mr. Olympia mara saba kati ya 1970 na 1980. Alikuwa akifanya mazoezi siku sita kwa wiki, mara nyingi asubuhi na jioni. Lakini hiyo ndiyo iliyokuwa shughuli yake, na amekiri hadharani kwamba alitumia dawa za steroidi, ambazo zama hizo hazikuwa zimekatazwa na sheria ya huko. Mojawapo ya dawa hizo iliyovuma sana ilianza kuuzwa Marekani mwaka 1958. Msuli wa mtu wa namna hiyo hupona kwa kasi isiyo ya mtu wa kawaida. Nikarudi nyuma zaidi, kwa Steve Reeves, Mr. America wa 1947, kabla ya dawa hizo kuenea kwa wajenga mwili. Yeye alifanyisha mwili mzima siku tatu tu kwa wiki, akapumzika siku moja kila katikati. Picha zake zipo, na hakuna atakayesema alikuwa mwembamba.

Nikarudi tena nyuma, nikamkuta daktari. Thomas DeLorme alikuwa tabibu wa jeshi la Marekani wakati wa Vita Kuu ya Pili, akiwatibu askari waliopasuliwa magoti. Badala ya kuwafanyisha mazoezi mepesi yasiyokwisha, aliwapa uzito wa kweli, seti za marudio kumi, na kuuongeza kadiri mguu ulivyopata nguvu. Utaratibu huo aliuandika mwaka 1945, na ndio uzi unaoshona kila ratiba inayofaa mpaka leo: uzito upande kidogo kidogo, na mwili upewe muda wa kuufikia. Idadi ya siku haikuwa siri yake.

Hapo nikaelewa jambo lililonitatiza miaka mingi kuhusu wakulima wa kwetu. Kama kazi ngumu hujenga mwili, mbona mtu aliyelima miaka ishirini hana kifua cha picha? Jembe halizidi uzito. Ratili zile zile alizozishika akiwa na miaka kumi na sita ndizo anazozishika akiwa na arobaini. Mwili unajifunza kuvumilia kazi hiyo kwa saa nyingi, ukishaimudu hauna sababu ya kuongeza nyama. Kwa hiyo kijana mkulima anahitaji vyuma kweli, sikuwa nimekosea hapo. Anavihitaji kwa kiasi kidogo kilichopimwa, juu ya uchovu ambao jembe limeshamtoza.

Kisha nikafika kwenye tafiti zenyewe. Mwaka 1995 watafiti wa Kanada walipima msuli wa mkono baada ya mazoezi mazito. Saa 24 baadaye uundaji wa protini ndani ya msuli ulikuwa umezidi maradufu, na ilipofika saa 36 ulikuwa umerudi karibu na kawaida. Yaani mwaliko unaoupa msuli wako leo unadumu siku moja na nusu hivi. Kukipa kifua siku moja ya kukitesa halafu kukiacha wiki nzima ni kupoteza siku nyingi za kukua. Mwaka 2016 Brad Schoenfeld wa New York na wenzake walikusanya tafiti zilizokuwapo, wakaona msuli unaofanyishwa kazi mara mbili kwa wiki hukua kuliko unaofanyishwa mara moja. Mwaka 2017 wakaonyesha kwamba wanaofikisha seti kumi au zaidi kwa wiki kwa kila msuli hupata zaidi kuliko wanaofanya chini ya tano. Mwaka 2019 wakaongeza lililonimaliza kabisa: jumla ya seti za wiki ikiwa ile ile, kuzigawa kwenye siku nyingi au chache hakuleti tofauti ya maana.

Nilikaa nikapiga hesabu kwenye bahasha. Seti kumi na mbili za kifua kwa wiki ni nne mara siku tatu. Ni sita mara siku mbili. Siku sita zangu hazikuwa na muujiza wowote ndani yake. Ningewapa nguvu ile ile kwa nusu ya jioni, na jioni zilizobaki wangelala, wangevua, wangecheza ngoma yao.

Hesabu ya pili ilikuwa ya chakula. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2018 uliona kwamba faida ya protini kwa anayebeba vyuma hufika kikomo karibu na gramu 1.6 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kijana wa kilo 60 hapo anahitaji gramu 96. Yai moja lina gramu sita hivi, kwa hiyo kwa mayai peke yake angetaka kumi na sita kila siku. Ndipo nilipolielewa neno la mama kuhusu mboga. Ratiba ya siku sita haikumla kijana peke yake, ilikula sufuria ya nyumba nzima. Na mimi nilikuwa nimewahubiria mayai, kwa kuwa ndiyo niliyokula, wakati gunia la dagaa liko sokoni pale pale. Dagaa mkavu zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini. Ukimwosha mchanga vizuri, ukamchanganya na maharage au choroko, ukaongeza kikombe cha mtindi pale ng'ombe wanapokamuliwa na karanga kidogo mchana, kijana anakaribia kiasi hicho bila kufilisi mtu.

Karatasi niliitoa jioni moja wote wakiwapo. Niliwaambia: niliwaita wavivu, na hamkuwa wavivu, na yule aliyeumia nilimuumiza mimi. Walikaa kimya kidogo, halafu dereva bodaboda mmoja akasema, "Sasa kocha, Jumatatu tunafanya nini?" Hawakuwa na haja ya hotuba yangu ndefu, walitaka kujua cha kufanya.

Tunachofanya sasa ni hiki. Anayeanza, kazi yake iwe yoyote, anafanyisha mwili mzima siku tatu zisizofuatana. Anachuchumaa na chuma, anasukuma benchi, anajivuta kwenye bomba, anasukuma chuma juu ya kichwa, na siku moja kati ya hizo anainua chuma kutoka chini. Seti tatu au nne kila zoezi, na anaacha akiwa bado ana marudio mawili mwilini. Saa moja haiishi. Wasabato wanachagua Jumapili, Jumanne na Alhamisi, wengine Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Akikosa siku moja, hakuna msuli uliosahaulika, kwa kuwa kila siku imegusa vyote.

Dereva bodaboda, ambaye siku nzima yuko juu ya kiti na abiria wake ni wa asubuhi na jioni, ana nafasi mchana. Akishazoea kwa miezi kadhaa, tunampa siku nne: mbili za sehemu ya juu ya mwili, mbili za chini. Anahitaji siku za chini kuliko wote, kwani nyonga na mgongo wake vimekakamaa kwa kukaa.

Mvuvi tumemwachia mwezi. Akiwa kambini hafanyi chochote zaidi ya pushapu chache akitaka. Mbalamwezi ikimrudisha nyumbani, anafanya mwili mzima siku moja na kupumzika ya pili mpaka aitwe tena.

Mkulima ana ratiba mbili kwa mwaka. Msimu wa kupandikiza na kupalilia, anakuja mara moja au mbili kwa wiki, hainui chuma kutoka chini, haongezi uzito, na akifika amechoka tunamrudisha nyumbani. Nilipowapa hili waliogopa kwamba watapoteza walichokijenga. Nikawaeleza utafiti wa Alabama wa mwaka 2011: watu walifanya mazoezi siku tatu kwa wiki kwa wiki kumi na sita, kisha kundi moja likapunguzwa mpaka sehemu moja ya tisa ya kazi ile, siku moja tu kwa wiki, kwa wiki thelathini na mbili. Vijana walibaki na misuli yao. Kwa hiyo mvua haimnyang'anyi mkulima kitu. Mavuno yakishaingia na ardhi ikakauka, ndipo anaporudi kwa siku tatu au nne na uzito unapanda. Mcheza ngoma naye anajua kwamba wiki za kuelekea Bulabo miguu yake ina mwalimu mwingine.

Sisemi kwamba siku sita ni ovyo. Mimi mwenyewe huzirudia wakati mwingine, na zinanifaa, kwa sababu napenda kukaa kwenye vyuma kila jioni na nina chakula na usingizi wa kuzilipia. Mtu aliyebeba vyuma miaka mingi anaweza kuhitaji seti nyingi zisizoenea kwenye siku tatu, na hapo kuzigawa kunamrahisishia. Anayetaka tu afya asipoteze usingizi kwa mjadala huu: Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa 2020, linamtaka mtu mzima afanyishe misuli yake angalau siku mbili kwa wiki, pamoja na mwendo mwingine wa kawaida.

Lililobaki ni deni, na halilipiki lote. Yule kijana mgongo wake ulipona na amerudi bondeni. Nilikwenda kwao, nikakiri mbele ya mama yake, nikatoa mchango wa gharama za wale vibarua. Mama aliupokea. Kijana alisema, "Sawa, kocha," kwa adabu, na hajakanyaga tena uwanjani kwangu. Ni haki yake. Wapo wengine walioondoka wakiamini kwamba miili yao haina uwezo, na baadhi sijui hata walikohamia. Hao niliwaharibia kitu ambacho gia na zege haviwezi kukirudisha.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti, na nalitangaza ili jirani yeyote anishike nalo. Simpangii mtu ratiba kabla hajaniambia mambo manne: anafanya kazi gani na kwa msimu gani, analala kwa saa ngapi, nyumbani kwao wanakula nini na wako wangapi kwenye sufuria, na siku gani za wiki si zake. Akishanijibu, mgawanyo unajipanga wenyewe, mara nyingi kwa dakika chache. Akija mwingine akaniambia anataka zile siku sita alizoziona kwenye simu, nitamwandikia. Lakini atanijibu kwanza hayo manne, na ikiwa ametoka kulima siku hiyo, ataandikiwa kupumzika.